Kabureta au injekta: pikipiki ipi ununue Dar

Jumapili iliyopita mpwa wangu alikuja kwangu Kimara na profoma mbili kutoka Kariakoo, moja ya pikipiki ya kabureta, nyingine ya injekta (njia mbili tofauti za kuipa injini mafuta), zote cc 150. Nyuma yake akaja mama yake, dada yangu, mwenye shamba dogo la mihogo na minazi huko Mkuranga, ambaye amechoka kulipa bodaboda kila anapotoka lami kwenda shambani. "Shikamoo anko," mpwa akaanza hata hajakaa. "Moja yangu ya kijiweni, moja ya mama ya shamba. Ipi ya nani?"

Njiani walikuwa wameshaamua wenyewe. Ya mjini, ya kazi ya kila siku, iwe ya kisasa. Ya shamba, inayolala bandani, iwe ya kabureta, kwa kuwa kule hakuna fundi wa mambo ya kompyuta. Nikawaambia wabadilishane. Dada akaniuliza kama nilichokunywa asubuhi kilikuwa chai kweli.

Basi haya ndiyo niliyowaeleza, na mengine niliyoyakumbuka wakiwa wameshaondoka.

Kazi ni moja

Petroli haiungui ikiwa majimaji. Kinachoungua ni mvuke wake ukichanganyika na hewa, tena kwa kipimo: kilo moja ya petroli kwa kilo 14.7 hivi za hewa. Ukipiga hesabu kwa lita utashangaa, maana hewa ni nyepesi. Lita moja ya petroli unayomiminiwa sheli inameza zaidi ya lita 9,000 za hewa, karibu matenki mawili ya nyumbani yale ya lita 5,000. Kwa hiyo tunaposema pikipiki "inakula mafuta", chakula chake kikubwa hasa ni hewa. Mafuta ni chumvi tu ya kutia kwenye chungu, na kazi yote ni chumvi isizidi wala isipungue.

Kipimo chenyewe hakikai palepale. Ukitaka nguvu ya kupanda, injini hupenda mafuta yazidi kidogo, kwenye 12.5 au 13 kwa moja. Injini ikiwa ya baridi hutaka mengi zaidi, na hiyo ndiyo kazi ya choki, kitu ambacho waendeshaji wengi wa Dar wanakijua kwa jina tu. Mafuta yakizidi, plagi inatoka nyeusi, ina masizi, na ekzosi inanuka petroli. Yakipungua, plagi inakuwa nyeupe, injini inachemka, na ukiachia mafuta ghafla inalipualipua kwenye ekzosi. Plagi yenye rangi ya biskuti ndiyo iliyoshiba sawasawa.

Kabureta na injekta zote zinahangaikia kipimo hicho. Tofauti ni kwamba moja inapima na nyingine haipimi.

Kabureta kwenye sinia

Nilileta sinia, nikamfungulia mpwa kabureta ya zamani niliyoitunza kwenye kopo. Ni kabureta ya slaidi, yaani yenye kizibo kinachopanda na kushuka kwenye njia ya hewa, jamii ya zile PZ27 za Kichina zinazouzwa kila duka la spea Gerezani.

Chini kuna bakuli. Ndani ya bakuli kuna floti, boya dogo la plastiki. Mafuta yanashuka yenyewe kutoka kwenye tenki, boya linapanda, linasukuma kisindano kuziba njia. Mafuta yakipungua boya linashuka, njia inafunguka. Ni akili ileile ya tenki la choo. Juu ya bakuli limepita koo la hewa, na koo hilo lina kiuno: linaanza pana, linabana katikati, linapanuka tena. Hewa ikifika kiunoni inalazimika kukimbia, na ikikimbia mgandamizo wake unashuka. Mswisi Daniel Bernoulli aliliandika jambo hilo mwaka 1738, na kiuno chenyewe kinaitwa venturi kwa jina la Mwitaliano Giovanni Battista Venturi.

Watu husema injini "inafyonza" mafuta. Mimi napenda kusema mafuta yanasukumwa. Juu ya mafuta ndani ya bakuli kuna hewa ya kawaida, inayoingia kwa kitundu cha pumzi. Kiunoni mgandamizo ni mdogo, bakulini ni ule wa kawaida, basi hewa ya bakulini inayasukuma mafuta yapande kwenye jeti, kijitundu cha kupimia mafuta, na kutokea kooni, na upepo unayararua kuwa matone madogo. Waliokua zamani wanalikumbuka lile bomba la bati la dawa ya mbu, la kusukuma kwa mkono: upepo unapita juu ya kijiti, dawa inapanda kutoka kopo lililo chini, inatoka kama ukungu. Hiyo ni kabureta. Ukiziba kitundu cha pumzi kwa tope, jeti zote ziwe safi namna gani, pikipiki itazima.

Wazo la kunyunyiza hivyo ni la zamani. Gari la Karl Benz, lililopewa hataza mwaka 1886, lilitegemea mvuke unaopanda wenyewe kutoka kwenye chombo cha mafuta. Mwaka 1893 Wilhelm Maybach akatengeneza kabureta ya kunyunyiza kwa jeti, na PZ27 ya Gerezani ni mjukuu wake.

Nikampa mpwa ile jeti ndogo aishike kwenye mwanga wa dirisha. "Anko, mbona haina tundu?" Ina tundu. Imeandikwa 38, maana yake milimita 0.38, na sindano ya cherehani haipiti. Tundu hilo ndilo linalolisha injini ikiwa sailensi, yaani inawaka bila kutembea, na unapoanza kuondoka, hadi mkono wa mafuta ufike kama robo. Kuanzia robo hadi robo tatu anayetawala ni sindano ndefu inayoning'inia kwenye slaidi: waya wa mkono wa mafuta ukivutwa slaidi inapanda, sindano inachomoka, na kwa kuwa imechongoka, nafasi ya mafuta kupita inaongezeka. Kwenye robo ya mwisho inabaki jeti kubwa. Kwa hiyo mtu akikwambia pikipiki inamisi, muulize inamisi mkono ukiwa wapi. Ikimisi sailensi tu halafu barabarani iko poa, usiguse jeti kubwa. Nimeona mafundi wakipanua jeti kubwa kwa waya wa breki kutibu ugonjwa wa jeti ndogo, na mwenye pikipiki akalipa mara mbili, gereji kisha sheli.

Sasa, katika vyote hivyo, ni kipi kinachojua hewa imeingia kiasi gani? Hakuna. Kabureta inakisia kwa umbo lake. Aliyeichonga alikadiria kwamba hewa ikipita kwa kasi hii, mafuta yatapanda kiasi hiki, na hapa pwani, usawa wa bahari, kisio lake huwa zuri tu. Ipeleke Mbeya, mita 1,700 hivi juu ya bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 15, nayo itaendelea kumwaga mafuta kana kwamba iko Kimara. Itakula sana, itakosa nguvu, na plagi itageuka nyeusi. Haikosei kwa uzembe. Haioni.

Ya vakyumu, kwa kifupi

Iko ndugu ya tatu ambayo profoma hazikuitaja, nayo utaikuta kwenye pikipiki nyingi za mtumba. Ni kabureta ya vakyumu. Waya hauvuti slaidi, unafungua kipepeo tu, kibati kinachogeuka kwenye njia ya hewa, na slaidi inanyanyuliwa na mvuto wa injini yenyewe kupitia mpira mwembamba kama wa puto. Uzuri wake ni kwamba hata ukikunja mafuta kwa pupa haishtuki. Injini ikiwa haijawa tayari, slaidi haipandi.

Ubaya wake ni huo mpira. Pikipiki yangu ya kwanza ilikuwa nayo. Ilikuwa inawaka vizuri, sailensi tulivu, lakini kupanda kutoka Ubungo kuja Kimara ilikuwa kama imebeba mbuzi watatu. Fundi mmoja aliosha jeti mara tatu, na kila mara alinihakikishia kwamba sasa kazi imekwisha. Siku ya nne nikafungua mwenyewe kifuniko cha juu, nikaupandisha mpira kwenye taa, nikaona mwanga unapita kwenye mpasuko wa urefu wa punje ya mchele. Mpasuko huo ulitosha kuizuia slaidi isipande. Dukani mpira haukuuzwa peke yake, nikafunga slaidi ya Kichina, na nguvu ikarudi siku hiyohiyo. Ule ulaini wa kuondoka haukurudi tena.

Injekta inapima

Madukani wanaziita za EFI, wengine za nozeli. Hapa hakuna bakuli wala kiuno cha kukisia. Ndani ya tenki kuna pampu ya umeme inayosukuma mafuta kwa mgandamizo wa bar 2.5 hadi 3, mkubwa kuliko wa tairi la gari dogo. Kwenye njia ya hewa na kwenye injini kuna sensa: ya mgandamizo, ya joto la hewa, ya joto la injini, ya mkono wa mafuta, ya mzunguko wa krenki. Kwenye ekzosi, nyingi zina sensa ya oksijeni inayoonja moshi. Kontrolo boksi, kompyuta ndogo ya pikipiki, inakusanya habari zote hizo, kisha inaamua nozeli, mdomo wa kunyunyizia mafuta, ifunguke kwa muda gani.

Muda huo ni mfupi mno. Injini ikizunguka mara 6,000 kwa dakika, kila sehemu moja ya hamsini ya sekunde inahitaji mpulizo mmoja, na mpulizo wenyewe unahesabiwa kwa milisekunde. Moshi ukionekana una mafuta mengi, mipulizo inayofuata inapunguzwa. Ukipanda Mbeya sensa inaona hewa imepungua, na mafuta yanapungua bila fundi kugusa skrubu.

Kwa nini basi nisimpe mpwa?

Kijiweni

Kwanza, mafuta ya buku tatu. Bodaboda wengi hawajazi tenki. Wanatia kidogo asubuhi, wanatia kidogo mchana, na taa ya akiba inawaka siku nzima kama ya msikitini. Kabureta haijali, tone la mwisho litashuka kwake lenyewe. Lakini pampu ya injekta inapoozwa na kulainishwa na mafuta yaleyale inayoyasukuma. Ukiizoeza kukaa nusu mkavu inapata joto na maisha yake yanafupika. Nilimwambia mpwa, ukiweza kuniahidi robo tenki kila siku tuzungumze upya. Akacheka. Anajijua.

Pili, maji na uchafu. Mafuta ya kwenye chupa, tenki lenye kutu, mvua za masika: maji yanaingia, na maji ni mazito kuliko petroli, yanalala chini. Kwenye kabureta yanajikusanya kwenye bakuli, na bakuli nyingi zina skrubu ya kumwagia. Kinga chupa tupu ya maji ya kunywa, legeza skrubu, utayaona yametulia chini kama shanga, petroli imeelea juu yake. Dakika mbili, umeondoka. Kwenye injekta, mdomo wa pampu uko chini ya tenki, palepale maji yalipolala. Huko dawa ni kufungua tenki.

Tatu, umeme. Kijana wa kijiweni hakosi kufunga muziki, taa za rangi na chaji ya simu, tena kwa nyaya za kuungaunga. Kabureta nyingi za cc ndogo zinawaka kwa kiki hata betri ikiwa hoi, maana moto wa plagi unatoka kwenye magineto, kifaa cha injini cha kuzalisha umeme. Injekta betri ikifa, pampu haisukumi, na bila pampu hakuna kitu.

Lakini hayo yote yana dawa mtu akiwa na nidhamu. Lisilo na dawa ni muda. Mpwa atachukua pikipiki kwa mkataba, na hesabu ya bosi inadaiwa kila siku, pikipiki iwe mzima au mgonjwa. Kabureta ikisumbua Mbezi saa nne asubuhi, saa tano yuko barabarani, kwa sababu kila kijiwe kina mtu wa kuiosha, na ikishindikana kabisa atanunua nyingine nzima, ambayo mara nyingi ni rahisi kuliko pampu peke yake ya injekta. Injekta ikisumbua anahitaji mtu anayejua kusoma taa ya injini inavyopepesa kutaja ubovu, au mwenye mashine ya kupimia. Wapo mjini, na wanaongezeka. Swali ni kama yupo jirani, leo.

"Ila inakula kidogo, anko." Ni kweli, injekta huwa inakula kidogo. Lakini tofauti si kubwa kama wauzaji wanavyoipamba, ikiwa kabureta imepangwa vizuri. Inakuwa kubwa kwa kuwa kabureta nyingi mjini hazijapangwa vizuri: jeti zimepanuliwa kwa waya, filta ya hewa imetolewa "ipumue", sindano imepandishwa hadi mwisho "iwe na nguvu". Mpwa akiacha jeti za kiwandani, akasafisha filta na kutazama plagi kila anapobadili oili, sehemu kubwa ya faida hiyo ataipata bure.

Bandani Mkuranga

Pikipiki ya dada itatembea mara moja kwa mwezi. Masika, njia ikiharibika, italala miezi miwili. Na hapa ndipo watu wanapoteleza, wakidhani kitu rahisi ndicho kinachovumilia kulala.

Adui mkubwa wa kabureta ni kukaa. Bakuli lina kitundu cha pumzi, kwa hiyo petroli inayobaki inakauka polepole na kuacha ute wa kahawia, wa kunata kama gundi ya embe. Ute huo unahitaji kuziba milimita 0.38 tu. Pikipiki ya kijiweni haipati ugonjwa huu kwa sababu mafuta ya bakulini yanabadilika kila siku. Ya dada ingeupata kila masika, na angepiga kiki mpaka goti liombe poo. Injekta imefungwa, mafuta yake hayapigwi na hewa, na miezi miwili si kitu kwake.

Udhaifu wake kwa dada ni betri, na huo ni wa spana moja: akiiegesha muda mrefu achomoe waya wa hasi. Tenki aliache limejaa, unyevu wa pwani usipate nafasi ya kutengeneza kutu. Na siku ikigoma kweli, haitamdai hesabu. Itapakiwa kwenye kirikuu hadi Mbagala, itakaa kwa fundi siku tatu, na mihogo haitakimbia.

Wenye pikipiki za kabureta zinazolala, au jenereta za nyumbani, wana namna yao: funga koki ya mafuta, acha injini iwake mpaka izime yenyewe. Bakuli linabaki tupu. Ni kazi ya dakika chache, na hakuna anayeikumbuka umeme ukisharudi.

Ambapo ningegeuza maneno

Mpwa angekuwa anasafirisha mizigo mpaka Morogoro na nyanda za juu, ningemwambia achukue injekta. Angekuwa ameajiriwa na kampuni yenye gereji yake, injekta tena. Na kama dada angekuwa anaenda shamba kila siku kuuza maziwa, ningemrudisha kwenye kabureta.

Dukani pia, usiulize "inakula lita ngapi", jibu lake unalijua kabla hawajasema. Sema: nionyesheni pampu na nozeli ya pikipiki hii, hapa, sasa hivi, kwenye shelfu. Wakikwambia "inaagizwa", umeshajua utasubiri. Angalia kama ina kiki. Muulize muuzaji ni fundi gani hapa mjini anayesoma taa ya injini ya aina hiyo, na umpigie huyo fundi kabla hujalipa.

Nao wakati unasogea. India, zinakotoka pikipiki zetu nyingi, ilianza kanuni za moshi za BS-VI tarehe 1 Aprili 2020, na pikipiki mpya nyingi za huko zikahamia injekta, ingawa za kuuzwa Afrika bado zinatengenezwa za kabureta. Kwa magari madogo ya Kijapani yanayoshushwa bandarini mjadala huu ulishakwisha. Miaka kumi ijayo huenda nikampa mpwa jibu jingine.

Walikubali, dada kwa shingo upande. Tukala, tukazungumza ya ukoo, na kwenye saa moja jioni umeme ukakatika mtaa mzima. Nikaenda uani kuwasha jenereta, ambayo sikuwa nimeigusa tangu Januari. Nilivuta kamba mara kumi na mbili. Dada alikuwa amesimama mlangoni na tochi ya simu, hasemi kitu. Mpwa ndiye aliyekwenda kutafuta spana namba kumi ya kufungulia bakuli.